Kufuata rangi ya baiskeli: Sisi wa Mwanhuzi na sanaa za Dar

Mwambie mshikaji wako unakwenda Dar uone. Kabla hujafunga begi keshakupa orodha: Coco Beach ukale mihogo, Kariakoo ukatafute raba na jinsi za bei poa, Kigamboni ukapande pantoni angalau mara moja ili ukirudi Meatu uwe na la kusimulia kijiweni. Usiku, bendi. Sijasikia hata mmoja akisema, nenda kaangalie picha. Picha! Utaambiwa hizo ni za wazungu. Na wewe utoke Mwanhuzi, usafiri mpaka baharini kukodolea macho pundamilia wa kuchorwa, wakati ukisogea kidogo tu upande wa Pori la Akiba la Maswa unawakuta wazima wanakula majani bure? Watakuona umerogwa.

Mimi nilikwenda kwa ajili hiyo hiyo, siku nne nzima, na sikwenda peke yangu. Niliongozana na binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye kwa hapa Mwanhuzi ni fundi wa kuandika mabango. Kama umewahi kupita mitaa yetu ukaona bucha lenye ng'ombe anayecheka (anacheka nini sijui, na kisu kiko pembeni yake), au saluni yenye kichwa cha jamaa aliyenyolewa panki, basi kazi yake umeiona. Matatizo yalianza pale wenye maduka walipogundua kwamba mjini Shinyanga kuna mashine inachapa bango la plastiki siku hiyo hiyo, tena na picha ya kweli ya soda. Kazi zikakauka. Bwana mdogo akaanza kuzungumzia kuuza brashi zake, aongezee fedha achukue pikipiki aingie kwenye bodaboda.

Mama mdogo akanijia. "Mwanangu, huyu mdogo wako ukienda huko Dar nenda naye. Akaone wenzake wanaochora wanakulaje. Akirudi akitaka pikipiki, nitanyamaza."

Basi tukapanda gari, Lalago, Kolandoto, Shinyanga, halafu ile barabara ndefu ya Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro ambayo sina haja ya kuisimulia, hadi stendi ya Mbezi tukiwa na vumbi la mikoa yote.

Asubuhi yake tulianzia mjini kati, kwenye sanamu la Askari, kwa sababu ndipo kila mtu anapopita na hakuna anayeliangalia. Lipo hapo tangu 1927. Ni la shaba, limetengenezwa na Mwingereza kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na limewekwa mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu la mkubwa wao Wissmann, ambalo Waingereza waliling'oa walipoutwaa mji 1916. Bunduki ya askari imeelekezwa upande wa bandari. Binamu alilizunguka mara mbili huku magari yakitupigia honi, kisha akatoa hukumu: mikunjo ya nguo ni safi, lakini huyu hafanani na mtu yeyote anayemjua. Nami nikapiga picha pale, sikatai, ushamba ni mzigo wa mwenyewe.

Kutoka hapo tukaenda Oysterbay, kwenye mabanda ya Tingatinga, Morogoro Stores. Na hapa msomaji wangu nikuombe utulie kidogo, maana hii habari wengi wetu tunaijua jina tu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, kwenye familia ya wakulima. Akavuja jasho kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar kutafuta maisha kama walivyokuja wote: kazi za nyumbani kwa wazungu, bustani, vibarua. Chuo cha sanaa hakukijua. Ilipofika 1968 hivi akaanza kuchora, na vifaa vyake vilikuwa vile vilivyopatikana dukani kwa Mhindi: vipande vya silingibodi, ile mbao nyepesi ya kupigia dari, pamoja na rangi ya baiskeli. Ndiyo, rangi ya baiskeli! Ile ile inayong'aa, isiyoogopa mvua. Anapaka rangi moja au mbili za nyuma, juu yake anamweka mnyama mmoja mkubwa, chui au ndege au tembo, bila kivuli wala umbali, madoadoa basi. Mkewe akawa anaziuza pale pale Morogoro Stores, wanakofanya manunuzi wageni.

Binamu aliposikia rangi ya baiskeli alinishika mkono. Wewe unajua Usukumani na baiskeli tulivyo. Yeye mwenyewe mwanzo wake ulikuwa huo, alikuwa anapaka fremu na madigadi ya baiskeli za wakulima wa pamba wakati wa msimu, anawaandikia na majina, ndipo akahamia kwenye kuta za maduka. Kumbe kaanza na kopo lile lile la marehemu.

Tingatinga hakula matunda ya jina lake. Alichora kama miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi jijini Dar wakidhani ni mhalifu anayekimbia, akafa. Alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa wachache, akina Simon Mpata, January Linda, Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Omari Amonde, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Leo picha za namna ile zimetundikwa hadi Japani na Denmark, na neno tingatinga, ambalo kwetu sisi lilikuwa trekta la kusukuma udongo, huko nje ni aina ya uchoraji.

Tulizunguka yale mabanda nusu siku. Vijana wamekaa chini, miguu imekunjwa, picha ipo magotini, brashi inatembea bila penseli. Binamu akamwamkia mzee mmoja shikamoo, akaomba kukaa karibu, na mzee hakuwa na hiyana, akamwonyesha namna ya kuchanganya rangi moja juu ya nyingine ikiwa bado mbichi ili unyoya wa ndege utoke na kivuli kwa mpigo mmoja. Walielewana kama mafundi wa karakana moja. Hawakuzungumzia sanaa hata kidogo. Walizungumzia rangi kupanda bei na brashi za siku hizi kumwaga nywele.

Lakini kijana wetu ana jicho. Tulipotoka kwenye banda la tatu akasema, "Kaka, ile twiga pale mwanzo na hii hapa ni moja." Kweli. Mlima Kilimanjaro, mbuyu, twiga wawili, Wamaasai wanne kwa mstari. Banda la kwanza, la tatu, la sita. Mgeni amenunua juzi, kesho anatokea mwingine anataka kama ile, basi unampa kama ile, na mtoto wako anakula. Siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Ila mimi nasema wazi, Mlima Kilimanjaro umechorwa vya kutosha, nao ungeweza kupumzishwa. Marehemu Tingatinga alikuwa anaweka mnyama mmoja tu kwenye ubao, na alikuwa anakuangalia yule mnyama.

Mwenge tulipita siku ya pili, kwenye vinyago. Harufu ya mpingo na vumbi la msasa, tezo zinagonga kwa zamu mpaka unajikuta unatingisha kichwa. Wengi pale asili yao ni Wamakonde wa kusini na Msumbiji. Kuna ile mitindo miwili ambayo ukiijua hutapotea: ya shetani, ile ya mapepo yenye jicho moja na viungo vilivyochanganyika, na ya ujamaa, watu waliopandana ukoo mzima kwenye gogo moja. Kama una nia ya kununua, nyanyua kwanza. Mpingo ni mzito kama deni. Kikiwa chepesi na mikono yako ikabaki nyeusi, umeuziwa mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu.

Siku ya tatu ndiyo iliyonipandisha hasira. Tulikwenda kwenye nyumba moja ya maonyesho, jina nalihifadhi, ya viyoyozi na sakafu inayong'aa. Mlinzi akatusimamisha mlangoni, akamwangalia binamu ndala zake. "Mmeleta mzigo?" Nikamwambia hapana, tumekuja kuangalia. "Kuangalia nini?" Kiingilio hakikuwepo, ni bure kwa watu wote, imeandikwa mlangoni. Tukasimama pale kama dakika ishirini mpaka akatokea mama mmoja wa ndani akatuingiza.

Nilipotoka nilimpa yule mlinzi habari ya bure. Nilimwambia kwamba George Lilanga, ambaye picha na sanamu zake zilifika Marekani na Ulaya mpaka kwenye majumba makubwa, alianza akiwa mlinzi kama yeye. Ilikuwa Nyumba ya Sanaa, ile iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, Mmarekani. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa msanii pale. Lilanga alikuwa akilinda, wakubwa wakagundua kwamba anachonga, wakamhamishia kwa wasanii. Alifariki mwaka 2005 akiwa jina kubwa. Mlinzi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwamba yule Lilanga alikuwa analipwa ngapi kwa picha. Swali zuri sana, na mimi sikuwa na jibu lake.

Nyumba ya Sanaa yenyewe, kule karibu na hoteli kubwa za katikati ya mji, usiitafute. Jengo lile la kazi ya mikono, lenye milango ya kuchongwa, halipo tena. Ndiyo Dar hiyo, ardhi ya mjini ni dhahabu.

Kinachotia moyo ni Nafasi, kule Mikocheni. Hawa wako tangu 2008, na vyumba vyao vya kazi ni makontena, yale yale ya bandarini, yamepakwa rangi na kukatwa madirisha. Hapa sasa hakuna twiga. Unakuta mtu anachomelea vyuma chakavu, mwingine kajaza ukuta mzima uso wa bibi mmoja, mwingine kachora foleni ya daladala mpaka unasikia konda anaita. Vijana wenye rasta na vijana wenye mashati ya kuchomekea wanakaa benchi moja. Huko binamu hakuulizwa ndala. Aliulizwa anachora nini, akaona aibu, akasema mabango ya bucha. Kijana mmoja akamwambia hebu onyesha. Akatoa simu, wakaangalia yule ng'ombe anayecheka, wakacheka wao, lakini siyo ile ya dharau. Mmoja akaniambia angelipa fedha awe na ng'ombe yule ukutani kwake.

Tulirudi kwa daladala na ndipo nilipoona kitu ambacho siku zote mbili nilikuwa nimekipita. Maonyesho makubwa kuliko yote ya Dar hayana mlango. Yako mgongoni mwa daladala na bajaji, misemo na picha za wacheza mpira na waimbaji, mkono wa fundi ambaye hakuweka jina. Yako kwenye vibanda vya vinyozi, kwenye kuta za gereji ambazo vijana wa grafiti kama Wachata wamezijaza rangi, kwenye khanga za akina mama waliosimama kituoni, kila mmoja na neno lake mgongoni. Hayo ndiyo ya kwetu, yanasomwa na sisi, na hakuna mtalii anayeyabeba kwenye ndege. Na ndiyo yanayokwisha. Mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 nilishangilia kama wengine, foleni ilikuwa noma, lakini angalia mabasi yale: yote rangi moja, hakuna neno. Na vibanda navyo vinavikwa plastiki za makampuni ya simu, kama Mwanhuzi, kama kote.

Usiku ule tulibishana mpaka saa saba. Yeye anasema Dar hawezi, hapa kila mti una mchoraji chini yake, na kukaa kuchora mlima ambao hajauona ni bora pikipiki. Mimi nikamkumbusha Bujora, kule Kisesa, Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement katika miaka ya 1950. Shule ilitupeleka wakati ule. Nyumba imejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, vifaa vya Bagalu na Bagika vya kushindania ngoma, nyoka na wanyama wa kuchonga wanaotoka uwanjani kuvuta watu kutoka kwa mpinzani. Na Bayeye, wale mafundi wa nyoka, walikuwa wanachora kuta za ndani za nyumba zao, nyoka na nyota na mizimu, kuwafundisha wanafunzi wao. Bwana Hans Cory alikuja akaziandikia kitabu kizima mwaka 1953. Sisi tulikuwa na kuta zilizochorwa kabla ya mtu kuleta silingibodi.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama rangi ya baiskeli inashika kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma, au kwanza upige plasta.

Pikipiki hajaacha kuitaka, nisiseme uongo. Lakini kinyozi mmoja karibu na stendi ya Mwanhuzi amempa ukuta wa pembeni, mita nne nzima, baada ya lile bango lake la plastiki kupasuliwa na upepo wa kiangazi. Atachora Bagalu na Bagika wanashindana, na katikati mtu ananyolewa. Bei wamepatana nusu fedha taslimu, nusu kunyolewa bure mwaka mzima, yeye na mimi. Plasta imeshakauka. Kilichobaki ni ubishi kuhusu chatu: kinyozi anasema atamfukuzia wateja, bwana mdogo anasema bila chatu hachori.