Utangulizi: Aristotle na Haki ya Sokoni

Kwa msomaji wa Songwe mlango wa falsafa ya biashara hauko mbali: Tunduma, mpakani na Nakonde ya Zambia, shilingi na kwacha hubadilishwa kutwa nzima, na swali la Aristotle liko pale pale. Mabadilishano huwa ya haki kwa sababu gani?

Aristotle alizaliwa Stagira mwaka 384 KK, akafundisha Athens akiwa mgeni asiye na haki za raia. Katika kitabu cha tano cha andiko lake liitwalo Maadili anauliza mjenzi na mshona viatu wabadilishane vipi, maana nyumba si sawa na jozi ya viatu. Fedha, anajibu, ndiyo kipimo cha kulinganishia, nayo imewekwa na sheria, si maumbile. Watu wanaweza kuibadili. Tunduma iliyaona hayo tarehe 1 Januari 2013, Zambia ilipoifutia kwacha sufuri tatu na 1,000 ya zamani ikawa 1. Mahindi ghalani hayakupungua punje.

Mahali ninapopapenda zaidi ni sentensi moja ambayo wengi huipita. Vipimo vya divai na nafaka, anasema, havilingani kila mahali: wanaponunua kwa jumla ni vikubwa, wanapouza rejareja ni vidogo. Mkulima wa Mbozi hahitaji ufafanuzi hapo. Hiyo ni lumbesa. Gunia likishajaa huongezewa kichwa, likafungwa kwa kamba, na bado likahesabiwa gunia moja. Mjini mzigo ule ule unauzwa kwa kilo. Sheria ya vipimo inakataza, ila mwenye ada ya mtoto ya kulipa wiki hii hana nguvu ya kubishana na mwenye lori. Na hapo ndipo ninapotofautiana na mwalimu huyu. Anasema uhitaji ndio unaowakutanisha watu sokoni, lakini hatuambii vya kutosha haki inakuwaje pale mmoja anapolazimika kuuza leo na mwenzake anaweza kusubiri.

Anza na sura ya tano ya kitabu hicho cha tano cha Maadili. Ukikwama kwenye hesabu zake za uwiano usikate tamaa, wafafanuzi nao bado wanazibishania. Kisha ingia kitabu cha kwanza cha andiko lake lingine, Siasa, anakolaani riba na, sura chache kabla, anautetea utumwa. Sura hizo usiziruke; zisome kwa ukali ule ule utakaompimia mnunuzi wa lumbesa.