Kilichojificha Nyuma ya "Kwa Hiyo"

Msichana wa mwaka wa kwanza alisimama mbele ya darasa, akakohoa kidogo, akaanza kama wanavyoanza wote: "Mwenyekiti, katibu, mtunza muda makini, majaji waadilifu na wasikilizaji wenzangu, hamjambo?" Alikuwa na dakika tano, na moja ikaishia kwenye salamu. Mada ilikuwa kongwe kuliko yeye: Kiswahili kitumike kufundishia katika shule za sekondari Tanzania. Aliijua vizuri. Alisema elimu ya msingi imekuwa ikitolewa kwa Kiswahili tangu 1967. Alisema Tume ya Makweta, mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza Januari 1985, na serikali haikulipitisha pendekezo hilo. Alisema Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote, lakini sekondari zikaendelea na Kiingereza. Kisha akapaza sauti: "Tazameni Japani! Tazameni China! Tazameni Ujerumani! Wote wanasoma kwa lugha zao, wote wameendelea. Kwa hiyo na sisi tufundishe kwa Kiswahili!"

Makofi. Vigelegele kutoka nyuma.

Nilimwomba asikae kwanza. "Ulichosema kabla ya 'kwa hiyo' nakikubali," nikamwambia. "Ulichosema baada yake huenda nacho nikakikubali. Swali langu ni hilo neno lenyewe. Limekuvushaje kutoka huku hadi kule?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Mwalimu, si inaeleweka tu?"

Somo la hoja na mdahalo linaanzia kwenye sentensi hiyo. Wengi, wakiwemo wazazi wanaolipa ada, hudhani chuoni tunafundisha kusema: sauti, macho, mikono, namna ya kusimama. Hayo yapo na yanachukua wiki mbili. Sehemu kubwa ya muhula tunaitumia kuvuta nje yale mambo ambayo msemaji aliona "yanaeleweka tu", tukayaandika ubaoni na kuyaangalia kama yana miguu.

Aliyetupa chombo cha kazi hiyo ni mwanafalsafa Mwingereza, Stephen Toulmin, katika kitabu chake cha 1958, The Uses of Argument. Toulmin alichoka na mantiki ya vitabuni iliyotaka kila hoja iende kama hesabu. Aliona kwamba watu wanapotoa sababu katika maisha ya kawaida hufanana zaidi na mawakili mahakamani: wanadai kitu, wanaulizwa wana nini mkononi, kisha wanaulizwa hicho walicho nacho kinahusianaje na wanachodai. Wanafalsafa wenzake Uingereza hawakukichangamkia kitabu hicho. Waliokidaka ni walimu wa midahalo wa Marekani. Mwaka 1960 wawili wao, Wayne Brockriede na Douglas Ehninger, waliandika makala ya kuwaonyesha wenzao jinsi ya kukitumia darasani, na hadi leo si rahisi kupata kitabu cha kufundishia hoja kisichomtaja Toulmin.

Mfano wake maarufu ni mdogo tu. Harry amezaliwa Bermuda. Kwa hiyo ni raia wa Uingereza. Kuzaliwa Bermuda ni ushahidi, na uraia ni dai. Kati ya hivyo viwili kuna kitu ambacho hakikutamkwa: kwamba anayezaliwa Bermuda kwa kawaida huwa raia wa Uingereza. Hicho darasani kwangu tunakiita kiungo. Kiungo nacho kinaweza kuulizwa kimesimama juu ya nini, na hapo sheria za uraia zinatolewa kabatini. Hilo ni egemeo. Neno "kwa kawaida" linapima uhakika wa msemaji. Na kuna "isipokuwa": isipokuwa wazazi wake wote walikuwa wageni, isipokuwa amekwisha kuchukua uraia wa Marekani. Basi, ni vipande sita hivyo. Ninawaonya wanafunzi wasivikariri kama sala, maana mtu anaweza kuvitaja vyote sita kwa mpangilio na bado asione kilichovunjika kwenye hoja yake mwenyewe.

Turudi kwa yule msichana. Nilimwomba aandike kiungo chake ubaoni kwa maneno kamili. Alisita, akafuta mara mbili, mwishowe akaandika: "Nchi ikifundisha kwa lugha yake, huendelea."

Sentensi ilipokaa pale peke yake, bila makofi, ilianza kuyumba. Kijana mmoja akauliza, "Singapore je?" Singapore hufundisha kwa Kiingereza na ni tajiri. Mwingine akaikumbuka Somalia, iliyochagua herufi za Kilatini kwa Kisomali mwaka 1972 na kukiingiza shuleni, lakini hakuna anayeitaja pamoja na Japani kwenye orodha hii. Hakuna hata mmoja aliyegusa ukweli kuhusu Japani, China wala Ujerumani. Ushahidi wote ulibaki mzima na hoja ikaanguka. Wanafunzi wengi hawajawahi kuona jambo hilo likitokea. Walivyozoea, kumshinda mtu ni kumkuta amekosea mwaka au takwimu.

Wiki iliyofuata alirudi na kiungo kingine: mwanafunzi hulielewa somo jipya kwa urahisi zaidi akifundishwa kwa lugha anayoimudu. Kiungo kilipobadilika, ushahidi nao ukalazimika kubadilika. Japani haikuwa na kazi tena. Kilichopata kazi ni ile habari ya 1967, ambayo mara ya kwanza aliitaja kama pambo: mtoto aliyesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza akikisoma kama somo moja tu, anaingia kidato cha kwanza na kukuta Baiolojia, Jiografia na Fizikia zote zimevaa Kiingereza. Hoja ilikuwa mfukoni mwake tangu mwanzo. Aliipita akikimbilia Tokyo.

Safari hii wapinzani wake walitoka jasho. Mmoja alisema dawa ya tatizo hilo ni kuimarisha Kiingereza tangu mapema. Hilo ni jibu la kweli, maana linakikubali kiungo na kubishana juu ya tiba. Mwingine, kutoka kijiji kimoja cha Usukumani, alisema taratibu: "Dada, mimi Kiswahili chenyewe nilikikuta darasa la kwanza. Hiyo lugha ninayoimudu unayoisema ni ipi?" Darasa likanyamaza. Msichana alifikiri, akaongeza neno moja kwenye dai lake ubaoni: wengi. "Wanafunzi wengi." Ndiyo kazi ya kile kipande cha kupimia uhakika, na sikulazimika kukifundisha siku hiyo.

Kiswahili chetu chenyewe kina mtego wake katika somo hili. Neno "hoja" linabeba mizigo miwili. Waziri anayemaliza hotuba ya bajeti kwa "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja" anaweka mezani jambo linalotakiwa kuamuliwa. Kijiweni mtu akikwambia "huna hoja", anasema huna sababu. Darasani tunalitenga la kwanza kwa kuliita mada. Tusipofanya hivyo wanafunzi hudhani kuitaja mada kwa sauti kubwa ni kuitetea.

Kisha kuna mada zenyewe. Tuliosoma shule za hapa tumelelewa na "mwalimu ni bora kuliko mkulima" na "maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini". Sizichukii, zimewafundisha maelfu ya watoto kusimama mbele za watu. Ila hazina mahali pa kufikia. Bora kwa nani, kwa kipimo gani, na tukishakubaliana kifanyike nini? Mmoja atasema bila mkulima mwalimu atakufa njaa, mwingine atajibu kwamba mkulima alifundishwa kuhesabu magunia na mwalimu, na kengele italia wakiwa bado pale walipoanzia. Mada ya sera, kama ile ya lugha, inataka badiliko fulani, na pakiwa na badiliko panakuwa na swali la nani anadaiwa uthibitisho.

Swali hilo nalithamini karibu sawa na la kiungo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inalijibu, na ya Kenya hulijibu kwenye kifungu cha 107: anayetaka mahakama imwamini ndiye wa kuthibitisha. Waliopita madrasa wanaijua kanuni hiyo kwa sura yake nyingine, kwamba ushahidi ni juu ya mdai na kiapo ni juu ya anayekana. Richard Whately, kasisi na msomi wa Oxford, aliitia kanuni hii katika somo la hoja kupitia kitabu chake cha 1828, Elements of Rhetoric. Kwake, kilichopo kiachwe kilipo mpaka anayetaka kukiondoa atoe sababu ya kutosha. Hakusema kilichopo ni chema. Alisema tu nani aanze kuzungumza na nani anaruhusiwa kungoja.

Wanafunzi huielewa kanuni hii haraka na kuisahau haraka vilevile. Upande wa kupinga katika mada ya Kiswahili hauna haja ya kukipenda Kiingereza hata chembe. Unatosheka kuonyesha kwamba pendekezo halijathibitishwa: vitabu havijaelezwa vitatoka wapi, wala walimu waliosomeshwa kwa Kiingereza watageukaje. Lakini kila mwaka wanasimama vijana wawili wa upande huo na kuimba sifa za Kiingereza kama mahari inahesabiwa, wakijitwika mzigo ambao hakuna aliyewapa.

Ukitaka kujua kama kijana ameiva, usimtazame akisema. Mtazame akisikiliza. Karatasi yake ya kunukuu, ya A4, hulazwa kwa upana na kugawanywa safu. Tukifanya mdahalo wa mtindo wa Bunge la Uingereza, wenye timu nne za watu wawili wawili na dakika saba kwa kila msemaji, safu ni nane. Kalamu ni mbili, ya bluu kwa serikali na nyekundu kwa upinzani. Kila hoja inaandikwa kwa maneno matatu au manne, jibu lake linakaa kwenye safu inayofuata, usawa uleule, na mshale unaziunganisha. Mwishoni unaangalia mishale ambayo haikufika popote. Hizo ni hoja zilizotolewa na kuachwa bila jibu, na jaji makini atakuwa ameziona. Wanaoanza hawaandiki kitu wakati mpinzani anasema. Wanapanga hotuba yao, wanasimama, na kujibu mambo ambayo walidhani yatasemwa.

Nimejiuliza kwa nini vijana wetu hukasirika mpinzani asipokubali kushindwa. Nadhani ngonjera zimechangia. Zile zilizoenezwa na Mathias Mnyampala, ambaye Ngonjera za UKUTA zake zilianza kutoka mwaka 1970, huwa na watu wawili wanaojibizana kwa beti, mmoja ameelimika na mwingine bado, na kabla ya tamati asiyejua amekwisha kushawishika na kushukuru. Nimezighani mwenyewe darasa la tano mbele ya mgeni rasmi, na nilipewa ule upande wa kushawishika, kwa hiyo najua raha ya kukubali kwa vina. Mdahalo hauna ubeti huo. Mpinzani ataondoka na msimamo wake, na anayeshawishiwa ni mtu wa tatu aliyekaa kimya.

Tena pande zinapangwa kwa kurusha sarafu, robo saa kabla ya kuanza. Hapa huja lawama, na mara nyingi inaletwa na wanafunzi wazuri: "Mwalimu, unatufundisha unafiki." Ni lawama ya tangu Ugiriki ya kale, alipoandamwa nayo Protagoras na wenzake kwa kufundisha kwamba kila jambo lina pande mbili. Siichukulii kwa mzaha. Nimewaona vijana waliotoka kwenye somo hili wakiwa na ulimi wa kukodisha. Kinga niliyo nayo ni sharti moja la darasani: huruhusiwi kujibu hoja ya mpinzani mpaka umeirudia kwa maneno yako, naye akasema, "Ndiyo, ndivyo nilivyomaanisha." Wiki za mwanzo sharti hilo huua mdahalo kabisa. Watu wanabaki kwenye "hapana, sivyo" hadi muda unakwisha.

Kuhusu orodha za makosa ya hoja, zile za kumshambulia mtu, kupotosha hoja ya mwenzako na kadhalika, nazifundisha mwishoni kabisa na kwa haraka. Mwanafunzi akizipata mapema huzigeuza mawe: anamtupia mwenzake jina la kosa na kukaa chini, kana kwamba kuutaja ugonjwa ni kuutibu.

Muhula ulipokwisha niliwakuta yule msichana na kijana wa Usukumani kwa mama lishe nyuma ya bweni, sahani za wali maharage mbele yao. Sarafu ilikuwa imewabadilishia pande siku hiyo: yeye alitetea Kiingereza, kijana akatetea Kiswahili, na matokeo yalikwisha kutolewa. Wali ulikuwa unapoa.

"Umesema wanafunzi wote watachelewa," kijana alikuwa akisema.

"Sikusema wote, kaka. Tazama karatasi yako."

Akaitoa mfukoni, akaikunjua juu ya meza kwa mkono mmoja, akaanza kuitafuta safu ya nne.