Imani Yako Ina Kamera Ngapi?

Hebu nikuulize swali, na usikimbilie kunijibu. Mara ya mwisho ulipomsaidia mtu, ni watu wangapi walikuwa wameshajua kufikia jioni?

Kabla hujanikasirikia, acha nianze na yangu.

Desemba iliyopita, sisi vijana wa kanisa tulichanga pesa. Kuna waliotoa soo mbili, kuna waliotoa thao. Tukanunua unga, mchele, sabuni na mafuta ya kupikia, tukapanda matatu hadi kwenye makao fulani ya watoto hapa Nairobi. Mimi nilipewa kazi ya kupiga picha, kwa kuwa ndiye msee wa mitandao.

Nikawapanga watoto mstari mmoja, kila mmoja na pakiti yake ya unga mkononi. Nikawaambia watabasamu. Kijana mmoja wa miaka kama kumi akainua pakiti yake, akajifunika nayo uso. Nikamwambia aishushe. Akaishusha, lakini macho akayaelekeza chini. Nikapiga picha hivyo hivyo. Jioni nikaiweka mtandaoni pamoja na maneno ya kumshukuru Mungu. Ilipata laiki nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka.

Usiku huo, nikiwa bado nazihesabu, nikamkumbuka mama wa chapati.

Mama huyu anauza chapati na maharagwe karibu na ploti niliyokuwa nikiishi. Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, sikumwambia mtu. Nyumbani walidhani bado nasoma. Kila asubuhi nilikuwa nabeba begi natoka kama mtu anayeenda darasani, kumbe naenda kutafuta kibarua. Mama aliligundua, hadi leo sijui vipi. Alichofanya ni kunifungia chapati mbili na maharagwe, akaniambia, "Kula, kijana wangu. Utalipa ukipata." Aliendelea hivyo karibu miezi miwili. Deni hakuliandika popote. Wateja wake hakuwaambia. Jumapili tukikutana kanisani, alinisalimia kama anavyosalimia kila mtu.

Sasa fikiria kama angenipiga picha nikipokea ile chapati. Ningeshiba, sawa. Lakini mamangu angejua habari zangu kupitia simu ya jirani, na mimi nisingepita tena njia ile.

Hivyo ndivyo nilivyomfanyia yule kijana. Nikaifuta picha, lakini unajua mtandao ulivyo. Watu walikuwa wameshaisambaza, na sina namna ya kuirudisha.

Sisemi picha ni dhambi. Watu wakichanga pesa, wana haki ya kujua zilikoenda. Basi piga picha ya magunia, piga ya risiti. Uso wa mtoto si risiti.

Mfano mzuri wa haya ni Bradha Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa sayansi. Wengi tulimjua Machi 2019 alipotangazwa huko Dubai kuwa mshindi wa Global Teacher Prize, tuzo ya dola milioni 1. Ukumbi ulijaa taa, na mwigizaji Hugh Jackman ndiye aliyeendesha sherehe. Picha zilikuwa kila mahali.

Lakini angalia kilichotangulia. Alikuwa akifundisha Keriko, shule ya sekondari ya kutwa katika kijiji cha Pwani, kule Njoro, Kaunti ya Nakuru. Wanafunzi wengi walitoka familia maskini, na karibu theluthi moja yao walikuwa mayatima au wana mzazi mmoja tu. Kuna waliotembea kilomita 7 kufika shuleni. Shule ilikuwa na kompyuta moja. Bradha alikuwa akienda saiba kupakua masomo ili ayatumie darasani bila intaneti. Wikendi, yeye na wenzake waliwafunza waliobaki nyuma, tena akiwafuata hadi nyumbani kwao. Asilimia 80 ya mshahara wake iliwaendea wahitaji. Wanafunzi wake hao hao wakafika mashindano ya sayansi ya kimataifa Marekani mwaka huo wa 2019.

Kamera zilimkuta akiwa kazini. Wengi wetu tunaanza na kamera, kazi tunaitafuta baadaye.

Hapo ndipo suala la subira linapokuja. Mimi nilizoea kudhani subira ya Mkristo ni kukaa tu ukingoja Mungu akufungulie mlango: kazi, visa, pesa za kurudi chuo. Nikishaomoka, nilijiambia, nitasaidia watu. Lakini mama wa chapati hajaomoka. Bado anaamka saa kumi usiku kukanda unga. Wema wake haukungoja hali iwe nzuri. Subira, nadhani, ni kufanya kitu kidogo leo, ukirudie kesho, hata kama hakuna anayepiga makofi.

Januari nilirudi kule makao, peke yangu. Nikamwambia msimamizi kwamba sina pesa, ila hesabu naijua kidogo. Akanipa Jumamosi alasiri. Simu naiacha ofisini kwake.

Yule kijana alinitambua siku ya kwanza. Alichukua kitabu chake akaenda kuketi kona ya mbali. Nilitaka kumwomba msamaha papo hapo, nijisikie nafuu nimalizane nalo. Msimamizi akanizuia. "Usimharakishe," aliniambia. "Hilo ni hitaji lako, si lake." Maneno hayo yaliniuma, lakini alikuwa sahihi.

Jumamosi tatu zilipita bila neno. Ya nne, alikuja akaweka kitabu mbele yangu, kimefunguliwa kwenye hesabu za sehemu, akasimama kando. Hakusema kitu. Tulifanya maswali matano. Nilipomwomba msamaha kwa ajili ya ile picha, aliinua mabega, akauliza jibu la swali la sita.

Najua utaniambia, "Na makala hii je, si ndiyo kamera yenyewe?" Swali zuri. Ndiyo maana sijakutajia makao wala jina la kijana, na sijasema mama wa chapati anauzia mtaa gani. Deni lake nilishalilipa, kwa njia, ingawa alikataa zaidi ya nusu.

Wiki hii jaribu kitu kimoja. Mfanyie mtu jambo jema, halafu usimwambie yeyote. Hata mchungaji. Hata mimi.