Mbio za Magari za Safari, na Mwaka Zilipoanzia Dar es Salaam

Huko Ulaya kuna mashindano ya magari yaitwayo Grand Prix. Maneno haya ni ya Kifaransa, na maana yake ni Zawadi Kubwa. Mashindano ya kwanza yenye jina hilo yalifanyika karibu na mji wa Le Mans, katika nchi ya Ufaransa, mwaka 1906. Madereva waliizunguka njia moja yenye urefu wa kilomita 103 hivi, mara 6 siku ya kwanza na mara 6 siku ya pili, na aliyeshinda alikuwa Ferenc Szisz, mzaliwa wa Hungaria, akiendesha gari la Renault. Tangu hapo desturi ya Grand Prix haikubadilika sana. Njia hufungwa, watu wa kawaida huondolewa, na magari yaliyoundwa kwa kazi hiyo tu huzunguka na kuzunguka mpaka hesabu ya mizunguko itimie.

Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na kiwanja cha kuzungukia, kule Langa Langa upande wa Nakuru. Yasimuliwa ya kwamba Bwana Neil Vincent alimwalika binamu yake, Eric Cecil, aje kushindana hapo, na Cecil akakataa. Alisema haoni kazi ya kuchosha zaidi ya kukizunguka kipande kile kile cha njia; lakini kama wangetengeneza mashindano ya mtu kuingia katika gari lake, kufunga mlango, na kuikata nusu ya Afrika kisha kurudi, hayo angeyashiriki. Maneno haya ndiyo yaliyozaa mbio za Safari. Zilifanyika mara ya kwanza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kwa sababu hiyo ziliitwa Safari ya Kutawazwa. Mwaka 1960 jina likabadilishwa, zikaitwa Safari ya Afrika ya Mashariki, kwa kuwa njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Sasa nataka kueleza jinsi mshindi alivyopatikana, maana watu wengi hudhani kwamba alikuwa yule aliyefika kwanza. Sivyo. Magari yaliondoka moja moja, kila moja kwa dakika yake, na kila gari lilikuwa na watu wawili, dereva na msoma ramani. Njiani palikuwa na vituo, na muda wa kutoka kituo hata kituo uliandikwa mapema. Tuseme, kwa mfano tu, gari latoka Dar es Salaam saa nne kamili ya asubuhi, nalo limepewa saa mbili na nusu kufika Morogoro. Yapasa lifike saa sita na nusu. Likifika saa sita na dakika arobaini na mbili, limechelewa dakika 12, basi laandikiwa alama 12 za adhabu. Alama hizi hukusanywa mchana na usiku, siku nne au tano, kwa mwendo wa kilomita 5,000 hivi, na mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi. Kwa hiyo mtu aweza kuonekana wa kumi barabarani na kumbe yeye ndiye anayeongoza. Walimu wa hesabu wangeweza kupata mazoezi mengi hapa.

Jambo la pili ni magari yenyewe. Katika miaka ya kwanza hayakuwa magari ya mashindano hata kidogo. Yalikuwa magari yale yale yaliyouzwa dukani, nayo yalipangwa katika makundi kwa kufuata bei, gari la bei ndogo likishindana na la bei ndogo mwenzake. Mwaka 1954 washindi walikuwa Vic Preston na D. P. Marwaha katika Volkswagen ndogo, ile yenye mgongo wa kobe. Mtu aliyetaka kununua motokaa aliyaangalia matokeo ya Safari kama aangaliavyo meno ya punda mnadani. Wenye viwanda walilijua jambo hili vizuri, na ndiyo maana baadaye walikuja kwa wingi kutoka ng'ambo na fedha zao.

Walikuja, lakini hawakushinda. Kuanzia 1953 hata 1971 hakuna mgeni hata mmoja aliyeshinda mbio hizi. Kila mara ushindi ulikwenda kwa mkazi wa Afrika ya Mashariki. Nao waliokuja hawakuwa watu wadogo. Erik Carlsson wa Sweden, mmoja wa madereva mashuhuri wa Ulaya, alikuwa akiongoza mwaka 1963, na gari lake la Saab likamgonga muhanga usiku, mbio zake zikaishia hapo. Bibi Pat Moss, ndugu yake Stirling Moss yule bingwa wa Grand Prix, alijaribu mwaka 1962 akamaliza wa tatu, kazi kubwa kweli kweli.

Sababu yake ni nini? Ni barabara na mvua. Kwa miaka mingi Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yanapoanza. Aliyekaa Dar es Salaam hana haja ya kuelezwa masika ni kitu gani. Gari litokalo mjini kwenda bara kwa barabara ya Morogoro huiacha Kariakoo mkono wa kushoto, huteremka Jangwani, na hapo hapo, kabla ya kufika Magomeni, bonde la mto Msimbazi hujaa maji mara kwa mara hata njia ikafungwa. Ikiwa ndivyo ilivyo ndani ya mji, fikirini udongo mweusi wa mbugani, ambao ukikauka ni kama jiwe na ukilowa ni kama sabuni. Fikirini pia kona za milima ya Usambara, ukuta wa mlima upande huu na bonde upande huu, au mpando wa Mbulu usiku wakati wa ukungu. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vile vile.

Katika hali kama hiyo mwendo wa kasi wafaa kidogo tu. Lililofaa ni kujua rangi ya maji ya mto uliofurika, kujua mahali matope yanapokuwa na mchanga chini yake, kujua ya kwamba ng'ombe mmoja akivuka wenzake wako nyuma. Elimu hii haikuuzwa kiwandani. Nafikiri haifai kusahau kwamba wa kwanza kuijua nchi hii kwa miguu walikuwa wapagazi. Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wa vita ya 1914 hata 1918, ambao kambi yao ilikuwa hapo. Walibeba mizigo kwa vichwa mahali ambapo gari halikupita na punda walikufa kwa ndorobo. Majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Mji wa Dar es Salaam ulipata fahari yake mwaka 1966. Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akikaa na kufanya kazi hapa, alishinda Safari pamoja na Chris Rothwell katika gari la Peugeot 404. Mwaka uliofuata, 1967, wawili hao hao wakashinda tena na Peugeot ile ya namna ile. Huko nyuma kidogo, mwaka 1965, walishinda ndugu wawili Masingasinga wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, katika Volvo iliyokwisha kutumika. Katika orodha ya washindi wa miaka ile, hata hivyo, hutaona jina la Mwafrika mweusi. Gari lilikuwa mali ya wachache. Wengi wetu tulikuwa watazamaji kando ya barabara, au wasukumaji gari liliponasa.

Na kusimama kando ya barabara hakukuwa mchezo salama. Katika Grand Prix njia hufungwa, lakini katika Safari ya siku zile barabara ilibaki wazi. Basi la abiria, mwenye baiskeli, mtoto aliyetumwa chumvi, wote walikuwa na haki ya kupita, na gari la mashindano likaja katikati yao kwa kasi ya kutisha. Watu huisifu Safari kwa ugumu wake. Mimi naona hatari waliyowekewa watu wa vijijini, ambao hawakuulizwa, ilikuwa deni lisilolipwa.

Mwaka 1972 mbio zilianzia Dar es Salaam. Watu waliowaona Hannu Mikkola wa Ufini na Gunnar Palm wa Sweden wakiondoka katika Ford Escort walikuwa wakitazama mwisho wa zama, ingawa hawakujua. Wawili hawa ndio walioshinda mwaka 1970 mbio ndefu za kutoka London hata Mexico. Safari hii walikuwa na nguvu za kiwanda nyuma yao: njia ilikwisha kuchunguzwa na kuandikwa kona kwa kona, na mafundi walingoja mbele wakiwa na magurudumu na vipuri. Wakashinda. Elimu ya mwenyeji ilikuwa imepatiwa bei.

Lakini mwenyeji hakukubali kushindwa upesi. Mwaka 1973, Safari ilipoingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden walimaliza kwa alama sawa kabisa. Waamuzi wakarudi katika karatasi za vituo, kituo baada ya kituo, kutafuta ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Akaonekana ni Mehta.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mbio zilikuwa zimebaki ndani ya Kenya peke yake, na Dar es Salaam haikuziona tena. Ziliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, zikarudishwa mwaka 2021, zikifanyika upande wa Naivasha. Siku hizi vipande vya kushindania ni vifupi, navyo hufungwa kabla gari la kwanza halijaondoka.