Mtaalamu wa sumu anayekulinda bila wewe kumjua

Unapoingia dukani kununua dawa ya mende, ya panya au ya kunyunyizia mboga, huenda unaangalia mambo mawili tu: bei na ukali. Ukiambiwa dawa ni kali, unaridhika. Lakini kabla ya chupa hiyo kuruhusiwa kuuzwa, kuna mtu aliyepaswa kuuliza swali jingine: je, ukali huo utaishia kwa mende, au utamfikia pia mtoto anayetambaa sakafuni?

Mtu huyo ni mtaalamu wa sumu. Yeye hatibu wagonjwa, ingawa kazi yake ni afya. Wengi wao husomea kemia, baiolojia, famasia au udaktari, kisha hujifunza jinsi kemikali inavyoingia mwilini, inavyosafiri katika damu, viungo inavyovidhuru na jinsi inavyotoka. Wale wanaofanya kazi katika idara za usalama wa kemikali hawatengenezi dawa. Kazi yao ni kusoma ripoti za majaribio zinazoletwa na watengenezaji, kuzipima, na kushauri kama bidhaa inafaa kusajiliwa.

Hapa Kenya, dawa za kuua wadudu, panya na magugu husimamiwa na bodi ijulikanayo kwa ufupi kama PCPB, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1982. Bidhaa ya aina hiyo haipaswi kuuzwa kabla ya kusajiliwa.

KIASI NDICHO SWALI

Ukimwuliza mtaalamu huyu kama kitu fulani ni sumu, atakujibu kwa swali: kiasi gani? Katika karne ya 16, tabibu wa Uswisi aliyeitwa Paracelsus alifundisha kwamba kila kitu kina sumu, na tofauti iko katika kipimo. Hata chumvi unayotia kwenye mchuzi inaweza kuua ikimezwa kwa wingi.

Mwaka 1927, Mwingereza J. W. Trevan alieleza njia ya kulinganisha ukali wa sumu: kutafuta kipimo kinachoua nusu ya wanyama wanaojaribiwa. Kadiri kipimo hicho kinavyokuwa kidogo, ndivyo sumu ilivyo kali. Shirika la Afya Duniani (WHO) hutumia vipimo vya namna hiyo kugawa dawa za wadudu katika madaraja. Daraja la hatari kupindukia ni la zile ambazo chini ya miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili zinatosha kuua nusu ya panya waliozimeza.

Madaraja hayo ndiyo asili ya ule ukanda wa rangi ulio sehemu ya chini ya kibandiko cha chupa. Nyekundu ni hatari kubwa. Manjano ni hatari ya wastani. Buluu ni hatari ndogo zaidi. Kijani inamaanisha kuwa dawa haitarajiwi kudhuru mara moja ikitumiwa inavyostahili. Tafadhali usidhani kijani ni ruhusa ya kunyunyiza bila kujikinga au kuacha chupa karibu na watoto.

HABA NA HABA

Sumu inayoua leo ni rahisi kuitambua. Ile inayomsumbua zaidi mtaalamu ni inayoingia kidogo kidogo kila siku kupitia chakula, maji au ngozi. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba.

Kwa sababu hiyo, panya wa maabara hulishwa kemikali kwa muda wa hadi miaka 2, huku wengine wakichunguzwa kama watazaa watoto wenye kasoro. Wataalamu hutafuta kipimo cha juu zaidi ambacho hakikuleta madhara yoyote yaliyoonekana. Kisha kwa kawaida hukigawa kwa 100: mara 10 kwa kuwa binadamu si panya, na mara 10 tena kwa kuwa watu hawafanani, kuna mzee, mgonjwa, mama mjamzito na mtoto mchanga.

Tuchukue mfano. Ikiwa miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili hazikumdhuru panya, binadamu atawekewa miligramu 0.1 kwa kilo kwa siku. Mtu mzima wa kilo 60 asizidishe miligramu 6. Mtoto wa kilo 10 asizidishe miligramu 1. Sasa unaona kwa nini mboga ambayo haikudhuru wewe huenda ikawa nyingi mno kwa mwanao.

Hata hivyo, uamuzi wa leo unaweza kubadilika kesho. Chukua klopairifosi, kemikali iliyotumiwa kwa miaka mingi dhidi ya wadudu shambani na nyumbani. WHO iliiweka katika daraja la hatari ya wastani. Baadaye uchunguzi ulizusha hofu kwamba inaweza kudhuru ukuaji wa ubongo wa mtoto, jambo ambalo kipimo cha vifo vya panya hakiwezi kuonyesha. Mwaka 2000, Marekani iliafikiana na watengenezaji kuiondoa katika matumizi mengi ya nyumbani. Umoja wa Ulaya uliacha kuidhinisha mwaka 2020. Mwaka 2025 iliingizwa katika orodha ya kemikali za kukomeshwa chini ya Mkataba wa Stockholm, huku matumizi machache yakiachiwa kwa muda.

SIO KILA RIPOTI HUAMINIWA

Kazi hii pia inahitaji jicho la mpelelezi. Mwaka 1976, mkaguzi wa serikali ya Marekani, Adrian Gross, alitilia shaka ripoti za Industrial Bio-Test, maabara kubwa iliyopima kemikali kwa niaba ya makampuni mengi. Ilibainika kuwa wanyama walikuwa wakifa ovyo, na katika kumbukumbu kulikuwa na herufi tatu zilizomaanisha kwamba mnyama ameoza kiasi cha kutoweza kuchunguzwa. Lakini ripoti zilizotoka zilionekana safi. Mwaka 1983 maafisa watatu wa maabara hiyo walipatikana na hatia mahakamani.

Tangu hapo, kanuni kali ziliwekwa kuhusu jinsi ya kutunza wanyama, kuandika matokeo na kuhifadhi kumbukumbu. Mtaalamu wa leo haridhiki na muhtasari tu. Hutaka kuona hesabu za kila mnyama.

KIBANDIKO KIKIPOTEA

Ewe msomaji, kazi hiyo yote ya miaka hukufikia kupitia karatasi moja tu: kibandiko. Hapo pana jina la kemikali, kipimo cha kuchanganya na maji, mavazi ya kujikinga, na siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna.

Mchuuzi anapomimina dawa katika chupa ya soda na kukuuzia kwa bei nafuu, amekunyima ulinzi huo wote. Mtoto akiona chupa ya soda, atakunywa. Na ukimkimbiza hospitalini, daktari atauliza: alikunywa nini?

Jibu lako linaweza kuokoa maisha. Dawa za jamii ya klopairifosi huvuruga kazi ya mishipa ya fahamu. Mgonjwa hutokwa na mate na jasho, mboni za macho husinyaa na pumzi hukatika. Tiba yake ni atropini. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na tiba yake ni vitamini K. Vidonge vya kuhifadhi mahindi vyenye fosfidi ya alumini hutoa gesi ya kuua, na hakuna dawa maalumu ya kuikomesha. Usilale kamwe katika chumba chenye magunia yaliyotiwa vidonge hivyo.

Basi zingatia haya:

• Nunua dawa ikiwa katika chupa au pakiti yake asili, yenye kibandiko na nambari ya usajili.

• Usizidishe kipimo kwa kutaka wadudu wafe upesi.

• Kama unalima mboga, hata kwenye kishamba kidogo nyuma ya nyumba, hesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

• Usitumie chupa tupu ya dawa kuwekea maji, maziwa au mafuta ya taa.

• Dawa ikimwagikia mtu, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Akiimeza, usimlazimishe kutapika wala usimpe maziwa ukidhani yatamaliza sumu. Mpeleke hospitalini mara moja, na uchukue chupa pamoja na kibandiko chake.

Mtaalamu wa sumu amekwisha kufanya hesabu kwa niaba yako. Kilichobaki ni wewe kuisoma kabla ya kufungua kifuniko.