Kuunganishwa kwa Mifupa ya Kiuno

Ni nani asiyepata kumsikia mzee akilalamika, "Kiuno kinaniuma"? Mara nyingi maumivu hayo ni ya misuli, nayo hutulia baada ya majuma machache bila kisu. Lakini yako maumivu ya namna nyingine, nami nimeyajua kwa kuwa yalimpata baba yangu, mkulima wa migomba huko kwetu Ngara.

Kiunoni mwa mtu mna pingili 5 za mfupa, zimepangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani kinachozuia mifupa isisagane, na nyuma yake hupita mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Pingili ya 4 ya baba iliteleza mbele juu ya ile ya 5, ikaibana mishipa hiyo. Kwa miaka 2 hakuweza kwenda hatua 50 bila kuketi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa ukiwaka moto, kisha ukifa ganzi. Dawa na mazoezi havikumfaa. Kutoka Murgwanza alipelekwa Bugando, Mwanza, na mwisho Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Huko alipasuliwa mwezi wa Agosti 2024.

Katika upasuaji huu daktari huondoa kinachobana mishipa, hukaza pingili mbili kwa skrubu na vyuma, kisha huweka vipande vya mfupa ili pingili zishikane ziwe kitu kimoja. Vipande hivyo huweza kuchukuliwa nyongani mwa mgonjwa mwenyewe. Kazi hii si ngeni. Mwaka 1911 huko New York, madaktari Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, waliunganisha pingili za wagonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vyuma haviponyi. Ni kama mbao za fundi zinazoshikilia zege mpaka likauke. Kinachoponya ni mfupa mpya, nao huota polepole, kwa miezi 6 hadi 12, pengine zaidi. Mgongo ukilemewa mapema, skrubu huweza kulegea na mifupa isishikane. Ndiyo maana baba alikatazwa mambo matatu: kuinama, kuinua mizigo na kujipinda. Alifundishwa kugeuka kitandani mwili mzima kama gogo. Aliambiwa pia aache tumbaku, kwa kuwa huchelewesha mfupa kuunga, na atembee kila siku, leo kidogo, kesho zaidi.

Nilipofika nyumbani likizo ya Desemba, maumivu ya mguu yalikuwa yamekwisha. "Nimepona," alisema baba. Tena majirani walikuwa wameanza kumcheka kwamba amekuwa bwana mkubwa: mke analima, yeye anatembea barabarani. Asubuhi moja nilimkuta shambani ameushika mkungu wa ndizi ili auinue.

"Shikamoo, baba. Naomba niubebe mimi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kunifundisha kazi ya migomba?"

Si jambo jepesi mtoto kumkataza baba yake. Nilikwenda ndani, nikaleta karatasi ya hospitali, nikamsomea maneno ya daktari, si yangu. Alikaa kimya juu ya gogo muda mrefu. Kisha akasema, "Haya, beba. Lakini usiuburure."

Likizo hiyo nililima mimi, na baba akatembea kila siku mpaka barabara kuu na kurudi. Agosti 2025 alipigwa picha tena, na mifupa ilionekana imeshikana. Sasa hupogoa migomba na kuchuma kahawa, ila mizigo mizito bado tunambebea.

Basi wenzangu, kuisha kwa maumivu si kuunga kwa mfupa. Ukiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani, mkimwona ana homa, kidonda kinatoa usaha, mguu unalegea au mkojo unamtoka bila kujua, mpelekeni hospitali siku ile ile. Na ukimkuta barabarani anatembea wakati wenziwe wanalima, usimcheke. Yuko kazini.