Mnyama Barabarani: Dereva wa Lori Afanye Nini?

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964. Kwa kilomita 50 hivi, dereva yumo katika makazi ya tembo, nyati, twiga, swala na nyani. Akitoka hifadhini, hukutana na wanyama wengine. Hao ni ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wa wanakijiji.

Lori likimgonga mnyama, hasara ni ya wengi. Mfugaji hupoteza ng'ombe aliyemtegemea kwa kulima au kusomesha watoto. Taifa hupoteza mnyama pori. Mwenye lori hupata hasara ya gari na shehena. Dereva na utingo wake wanaweza kupoteza maisha. Kwa hiyo jambo hili linamhusu dereva, na linamhusu pia mwanakijiji anayeishi kando ya barabara.

Lori zito halisimami papo hapo

Lori likienda mwendo wa kilomita 80 kwa saa, husafiri mita 22 kwa kila sekunde moja. Dereva akimwona mnyama, huhitaji kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Katika sekunde hiyo lori limekwisha kwenda mita 22, na breki hazijaanza kufanya kazi. Baada ya hapo bado lori linakwenda. Lori lenye shehena likienda mwendo huo huhitaji zaidi ya mita 60 ili lisimame kabisa. Umbali huo ni zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Lami ikiwa imelowa, au mpira wa gurudumu ukiwa umekwisha, umbali huongezeka.

Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huongezeka mara nne. Ndiyo maana mwendo wa magari ndani ya Hifadhi ya Mikumi umewekewa kikomo, na barabarani mna mabango ya kuonya. Dereva asipunguze mwendo kwa kumwogopa askari tu. Apunguze kwa sababu breki zina mwisho wa uwezo wake.

Usiku dereva asiende mbio kuliko taa zake. Yaani, awe na uwezo wa kusimama ndani ya sehemu anayoiona. Nyati na tembo wana rangi nyeusi au ya kijivu, nao hawaonekani upesi gizani. Twiga ni mrefu. Taa humulika miguu yake tu, na mwili wake uko juu. Akigongwa miguu, mwili wake mzito unaweza kuangukia kichwa cha lori.

Asikate usukani ghafla

Mtu akiona mnyama mbele, mikono yake hutaka kukata usukani. Kwa dereva wa lori hatari kubwa iko hapo. Lori ni refu kwenda juu, na shehena yake iko juu pia. Likikatwa ghafla, shehena huegemea upande mmoja na lori hupinduka. Likiwa na tela, tela linaweza kujikunja na kuziba barabara nzima. Tena upande wa pili huenda linakuja basi lenye abiria, au kando wapo watoto wanaotoka shule.

Kwa hiyo dereva ashike usukani sawasawa kwa mikono miwili, akanyage breki kwa nguvu, na abaki katika upande wake. Kama hawezi kusimama, ni afadhali ampige mbuzi kuliko kupindua lori na kuua watu. Jambo hili ni chungu kwa mwenye mbuzi, lakini roho ya mtu hainunuliwi. Kwa mnyama mkubwa kama tembo au nyati, kinga iliyo bora ni moja tu: kwenda polepole tangu mwanzo.

Ajue tabia za wanyama

1. Ng'ombe na mbuzi hufuatana. Mmoja akivuka, wengine watamfuata. Ndama au mwana-mbuzi aliyebaki nyuma humkimbilia mama yake bila kutazama gari. Dereva asubiri mpaka wa mwisho avuke.

2. Punda anaweza kusimama katikati ya barabara bila kuondoka. Dereva asimame na kungoja.

3. Swala hutembea makundi. Ukimwona mmoja, jua kwamba wengine wako majanini.

4. Tembo asipigiwe honi wala kusogelewa. Dereva asimame mbali na kumpa nafasi, hasa tembo mwenye mtoto.

5. Nyani wasitupiwe chakula. Wakizoea kula ndizi na mikate ya wasafiri, hukaa barabarani kungoja magari, na hapo hugongwa.

Honi ipigwe mapema, kabla ya kuwafikia wanyama wa kufugwa. Ikipigwa karibu, huwashtua nao hukimbia ovyo. Usiku mnyama aliyemulikwa na taa kali anaweza kuduwaa. Dereva apunguze mwendo na kushusha taa, ili mnyama apate kuona njia.

Mnyama akigongwa

Dereva asikimbie. Kijijini asimame, aweke alama za tahadhari, na kutoa taarifa polisi. Ndani ya hifadhi asitembee ovyo nje ya gari, maana mnyama aliyejeruhiwa ni hatari. Atoe taarifa kwa askari wa hifadhi. Nyama ya mnyama pori aliyegongwa isichukuliwe. Mnyama pori ni mali ya umma, na kuchukua nyama yake bila kibali ni kosa.

Kama lori la mafuta limepinduka, watu wakae mbali. Mwezi wa Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Ndoo moja ya petroli haina thamani ya uhai.

Wajibu wa mfugaji

Mfugaji asiache mifugo ichunge kando ya barabara kuu bila mchungaji. Kundi livushwe mchana, mahali ambapo dereva anaweza kuliona kutoka mbali, wala si kwenye kona au kilele cha mlima. Mchungaji mmoja atangulie na mwingine awe nyuma. Kazi hii isiachiwe mtoto mdogo peke yake. Jioni mifugo irudishwe zizini, maana ng'ombe hupenda kulala juu ya lami yenye joto.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini lori lenye shehena haliwezi kusimama papo hapo?
2. Kwa nini ni hatari kukata usukani ghafla?
3. Katika kijiji chetu mifugo huvuka barabara mahali gani? Je, dereva anaweza kuiona kutoka mbali?
4. Tukubaliane: nani atavusha kundi, na saa ngapi?